‘Dada, niizungushe kidogo tu!’

Leo mapenzi tunayaweka kando, tuongelee pikipiki. Kama unayo ya kuuza, au una shemeji mwenye ya kuuza, soma hii kabla hujaandika namba yako ya simu kwenye karatasi na kuibandika nguzoni.

Yangu ilikuwa Boxer 150 nyekundu. Niliinunua kwa hela ya upatu pamoja na vijisenti vya makala, nikampa kijana wa mtaani apige bodaboda, ananiletea hesabu ya shilingi 7,000 kwa siku. Kijana akaamua kurudi kwao Singida kulima alizeti, nami nikasema basi, niiuze, nilipie fremu na kununua cherehani. Bei nilitangaza 1,800,000. Kwa mtu aliyeishia kidato cha nne kama mimi, ile Boxer ndiyo ilikuwa benki yangu. Ikiyeyuka, narudi kuomba vocha kwa mama.

Sasa bei ni kitu cha kubishana na mkaelewana. Kasheshe iko kwenye kujaribu. Mnunuzi ana haki ya kujaribu, hilo sipingi, hata mimi siwezi kununua chombo ambacho sijakisikia kikinguruma. Lakini ukishampa mtu usiyemjua ufunguo, injini imewaka na barabara iko wazi, wewe umebaki na nini? Umebaki na kadi. Na kadi haina magurudumu.

Jirani yangu mmoja hapa Tabata, mwaka 2022, yeye alibaki na kadi na mtu. Mnunuzi alikuja amepakizwa kwenye bodaboda, wanacheka kama watoto wa baba mmoja. “Kaka, mshikaji wangu huyu namwacha hapa, mimi nafika pale kona narudi.” Jirani akaona hakuna noma, si mtu kabaki? Zikapita dakika tano, kumi, nusu saa. Kuulizana, kumbe yule aliyebaki ni bodaboda aliyekodiwa Buguruni, jamaa hamjui hata jina, na nauli yake hajalipwa! Wakabaki wawili pale getini, mmoja analilia pikipiki, mwingine analilia shilingi elfu tatu. Mimi nilicheka siku hiyo, nakiri, lakini nilipoona mke wake anavyomwangalia nikanyamaza.

Kwa hiyo mtu si dhamana. Simu si dhamana, inaweza kuwa bovu au ya wizi. Hata pikipiki aliyokuja nayo inaweza kuwa ndiyo aliyoipiga jana kwa mwenzako wa Mbagala. Kuna wajanja watakwambia, “Acha mafuta kidogo tu kwenye tangi, hatafika mbali.” Wapi! Boxer kwa robo lita inatembea kilomita kumi. Kutoka Tabata, hiyo ni Kariakoo, na ndani ya umati ule utamshika nani?

Dhamana ninayoitambua mimi ni hela yote ya bei, taslimu, mezani kwa mtu wa tatu. Kwangu alikuwa Mangi wa duka la pale kona. Mnunuzi anahesabu hela mbele ya Mangi, tunaandika karatasi kwamba akirudisha pikipiki kama alivyoichukua na hakuipenda, anachukua chake bila longolongo. Ndipo ufunguo unatoka mfukoni. Na yeye pia ana haki ya kuogopa, maana wapo wauzaji wanaoita watu na hela kisha wanawavizia. Ndiyo maana nilikuwa nawaita mchana, dukani, penye watu. Aliyenipigia saa mbili usiku akitaka tukutane kwenye kiwanja kisicho na taa nilimwambia pikipiki imeshalala.

Mmoja akaleta habari za muamala. “Nimeshatuma dada, angalia meseji.” Kweli meseji ipo, maneno yote yamekaa sawasawa. Nikafungua menyu, nikaangalia salio: lile lile la asubuhi, hela ya luku. Meseji ya kutunga hiyo. Nilipoinua macho, jamaa alikuwa ameshaanza kuondoka kwa mwendo wa mtu aliyekumbuka jiko linawaka.

Kinachowaangusha wengi ni lile swali: “Dada, kwani huniamini?” Hapo ndipo Mswahili analegea. Tumelelewa kwamba kumwonyesha mgeni shaka ni kumvunjia heshima, na hawa matapeli wanalijua hilo kuliko bibi zetu. Ukiona aibu tu, umekwisha. Mimi nilikuwa nacheka kwanza, halafu nasema, “Kukuamini nakuamini kaka yangu, ila pikipiki ndiyo haijakuzoea.” Mtu mwema anacheka, anasema haya lete utaratibu wako. Mwingine ananuna, anatoa maneno ya kejeli kuhusu wanawake wa mjini. Anune tu. Kununa hakujaniibia mtu kitu.

Halafu ujue mengi yanajaribiwa bila kwenda popote. Mnunuzi mzuri anafika, anagusa injini kwanza aone kama ni ya baridi, maana iliyokwisha kupashwa moto inaficha uvivu wa kuwaka. Mruhusu. Isimamishe kwenye stendi ya katikati, awashe, apandishe gia zote gurudumu likiwa hewani. Aangalie moshi: ukiwa wa bluu, injini inakula oili. Atikise cheni, abinye breki, alinganishe namba ya injini na ya chesisi na zilizoandikwa kwenye kadi. Mpaka hapo ameshajua robo tatu. Kinachobaki ni klachi na shokapu, na hizo zinahitaji kilomita moja tu ya vumbi na mashimo, ambayo Tabata tunayo ya kutosha kuuza nje ya nchi.

Leseni je? Iulize, na uione kwa macho. Hana, haendeshi. Akimgonga mtoto wa mtu kule barabarani, jina lililoko kwenye kadi ni lako, na polisi wataanzia kwako. Bima iwe hai, kofia ngumu iwepo. Hapo sina mjadala.

Asiye na hela yote mkononi lakini anataka kuonja mwendo nilimpa njia nyingine: naendesha mimi, yeye anakaa nyuma. Leseni ninayo. Ni salama zaidi kuliko mimi kukaa nyuma yake, maana msichana ukipakizwa na usiyemjua, breki zote anazo yeye. Baunsa mmoja wa Kimara aliposikia hivyo alinitazama kama nimemtukana ukoo. “Mimi nibebwe na demu?” Akaondoka kwa daladala.

Aliyekubali alikuwa mzee mmoja wa Chanika, kanzu safi na baragashia, kaja na mkewe. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akasema, “Twende mwanangu.” Akavaa kofia ngumu juu ya baragashia, akakunja kanzu, akapanda. Tukapita mashimo yote, yeye kimya, kichwa ameinamisha upande anasikiliza injini. Tuliporudi aliuliza maswali mawili tu, oili ilibadilishwa lini na cheni ina muda gani. Mkewe akafungua khanga, wakahesabu 1,700,000 kwa Mangi, noti moja moja, nami nikakubali kupunguza laki. Tukaandikishana ofisi ya serikali ya mtaa, kesho yake asubuhi tukaenda TRA kuanzisha uhamisho wa umiliki, kwa sababu sikutaka kulala siku mbili pikipiki iko Chanika na jina langu.

Kabla hatujaagana nikampa ufunguo. Akanirudishia.

“Tupeleke mpaka stendi, mwanangu. Mjukuu anatusubiri huko, ndiye wa kuiendesha. Mimi pikipiki sijui.”