Mlinzi Asiyesema

Kutoka Imenti katika Meru hadi Rukuriri na Mungania katika Embu, miteremko ya Mlima Kenya imevikwa chai. Mpita njia huona ubichi wa mashamba na moshi wa viwanda. Haioni boila, nayo ndiyo moyo wa kiwanda. Ndani yake maji huchemshwa kwa moto wa kuni, na mvuke wake hupasha hewa inayokausha majani ya chai. Maji yakipungua mno, chuma kinachokabili moto hukosa kitu cha kukipoza. Hulainika, na huweza kupasuka. Lita moja ya maji ikigeuka mvuke katika hewa ya kawaida hudai nafasi ya lita 1,600 hivi. Mtu akijua hesabu hiyo hawezi kuidharau boila.

Kwa sababu hiyo boila huwekewa mlinzi, yaani swichi ya boya. Asili yake ni ya zamani: katika miaka ya 1760 Ivan Polzunov, fundi wa Urusi, alitumia boya kutawala maji ya mtambo wake wa mvuke.

Nilipokuwa kijana niliajiriwa kuchochea moto katika kiwanda kimoja cha Meru. Fundi wetu alikuwa mzee wa Embu, mtu wa maneno machache. Siku ya kwanza alinionyesha chumba kidogo cha chuma kilichosimama ubavuni mwa boila.

"Mwanangu," alisema, "mlinzi huyu halali, lakini aweza kufa akiwa amesimama. Kila zamu mwulize kama yu hai."

Kumwuliza kulikuwa hivi. Nilifungua koki ya chini polepole, maji na tope yakatoka chumbani. Boya lilipoanza kushuka, pampu iliwaka. Liliposhuka zaidi, feni ya tanuri ilisimama na kengele ikalia. Kisha nilifunga koki na kungoja maji yarudi. Kazi yote haikuzidi dakika chache.

Miezi ikapita, kengele ikaitika kila nilipoiuliza. Nikaanza kuona swali langu kuwa la upuuzi. Kwa siku tatu mfululizo sikufungua koki, lakini katika kitabu cha zamu nilitia alama kwamba nimefungua. Uvivu ulizaa uongo, na uongo ukanipa usingizi.

Usiku wa tatu mzee aliingia bila kutarajiwa. Hakutazama kitabu, alitazama kioo cha maji. Maji yalikuwa yakionekana kwa shida katika ncha ya chini. Pampu ilikuwa kimya, feni ikivuma, moto ukinguruma. Alizima feni kwa mkono wake, akapima kioo ili ajue kwamba hakidanganyi, na maji yalipoonekana tena ndipo aliporuhusu pampu kuwashwa.

"Yangalikuwa yametoweka kiooni," aliniambia baadaye, "nisingetia hata tone. Maji baridi yakigusa chuma kilichokwisha kuwaka huleta msiba. Tungeondoa moto na kuiacha boila ipoe."

Asubuhi, boila ilipokuwa imepoa na mvuke umekwisha, tulifungua chumba kile. Tope lilikuwa limelishika boya juu, kana kwamba maji yamejaa. Mlinzi hakukataa kusema. Alikuwa amezibwa kinywa, na aliyemziba ni mimi.

Mzee hakunifukuza. Alinipa ufunguo nimsaidie kukirudisha chumba mahali pake. Tulikipima kwa timazi kisimame wima, maana boya katika chumba kilichoinama husugua ukuta na kukwama. Bomba la juu tulilifunga upande wa mvuke na la chini upande wa maji, ili maji ya chumbani yalingane na ya boila, kwa kuwa maji hutafuta usawa wake. Tuliona jinsi boya linavyoinua sumaku, na sumaku ikavuta swichi iliyo nje ya ukuta, hata umeme usikutane na mvuke. Mwisho tulihakikisha vali za mabomba yote mawili zimeachwa wazi, kwa sababu vali iliyofungwa humfanya mlinzi kuwa kipofu.

Ndipo alipofungua kitabu cha zamu. Aliweka kidole juu ya alama zangu tatu, asiseme neno. Nilizifuta kwa mstari mmoja, nikaandika pembeni: "Haikufanyika." Mkono wangu ulitetemeka kuliko usiku ule mbele ya moto.

Tangu siku hiyo sikuchukua kimya cha chombo kuwa ushahidi wa uzima wake. Kengele isiyolia huweza kuwa na habari njema, au huweza kuwa imekufa; anayejua tofauti ni yule aliyeiuliza leo. Na alama ya kalamu kitabuni ni mlinzi pia. Ikisema uongo, wenzetu hulala wakiuamini.