Mamba na Sanduku Lake

Sijawahi kupanda treni ya stima, na kama umekulia Kenya huenda nawe hujapanda. SGR iliyofunguliwa 2017 inavutwa na dizeli. Ile ya zamani inayobeba watu wa Ruiru asubuhi pia ni dizeli. Majirani zetu Tanzania walianza ya kwao 2024. Sisi bado. Lakini mwaka jana, kwa miezi mitatu, nilikula na kununua tokeni kwa kuandika kuhusu treni za stima unazoweza kubeba kwapani.

Kazi yangu ndiyo hiyo. Naandikia watu wa ng'ambo vitu wasivyo na muda wa kuandika: leo magodoro, kesho bima ya mbwa, keshokutwa jinsi ya kuondoa doa la divai kwenye zulia. Chuo niliacha mwaka wa tatu, nikisomea uhandisi wa umeme, karo ilipowashinda watu wa nyumbani. Cheti sina. Nilichobaki nacho ni daftari nne, uelewa wa transfoma, na uvumilivu wa kusoma kitu kirefu mpaka mwisho.

Mteja alikuwa mama mmoja wa Pennsylvania, Marekani. Babake alikuwa amefariki na kuacha chumba cha chini ya nyumba kikiwa kimejaa treni za kuchezea. Nyumba ilikuwa inauzwa, naye anahamia fleti ndogo. Alinipa kazi ya kuandika maelezo ya kila kipande ili akiuze mtandaoni: jina, mwaka, hali, kasoro. Malipo yalikuwa kiasi kidogo kwa kila maelezo, na juu yake asilimia 10 ya bei kitu kikiuzwa. Manze, nilikubali kabla hajamaliza kueleza.

Mwishowe zikabaki injini mbili za stima. Kwenye rafu ya fleti kulikuwa na nafasi ya moja tu. Akaniuliza swali ambalo halikuwa kwenye makubaliano yetu: "Wewe ungebaki na ipi?"

Ya kwanza ilikuwa GG1 ya kampuni ya Lionel ya New York, namba 2332, modeli iliyoanza kuuzwa 1947. GG1 yenyewe, ile kubwa, ilikuwa injini ya reli ya Pennsylvania. Zilijengwa 139 kati ya 1934 na 1943, zikila volti 11,000 kutoka kwa waya wa juu na kuvuta abiria kati ya New York na Washington. Bodi ya ile ya kwanza kabisa ilikuwa ya mabati yaliyojaa ribiti. Mbunifu Raymond Loewy, mzaliwa wa Paris, akawashauri waachane na ribiti, wachomelee bodi yote iwe laini, kisha akaipa mistari mitano ya dhahabu inayokimbia kutoka pua hadi pua. Dereva anakaa katikati, kwa hivyo haina mbele wala nyuma. Za mwisho zilistaafu 1983. Hebu nitajie matatu iliyofikisha hata nusu ya miaka hiyo.

Ya Lionel haifanani na mama yake kwa kila kitu. Ukiipunguza GG1 kwa kipimo cha 1:48 unapata kitu cha sentimita 50 hivi. Lionel waliifupisha sana, kwa sababu ilibidi ipinde kwenye kona kali za reli zilizotandazwa sebuleni. Tena inakimbia juu ya reli tatu, ile ya katikati ikileta umeme. Wapenda uhalisi huidharau hiyo reli ya tatu. Lakini kwa mtu aliyewahi kuchora saketi, ni akili tupu: mtoto anaweza kuipinda njia ijirudie yenyewe na hakuna shoti.

Mzee alipewa GG1 hiyo akiwa mvulana wa miaka kumi. Reli ya Pennsylvania ilipita karibu na kwao, na ile kubwa alikuwa akiiona kila siku. Sanduku lilipotea zamani. Mistari ya dhahabu imefutika pale ambapo mkono wa mtoto hushika, na rangi ya kijani imechubuka kwenye pua zote mbili. Hizo ni ajali za sebuleni.

Ya pili ilikuwa Mamba. Waswisi na Wajerumani huiita hivyo, Krokodil, na ukiiona huulizi kwa nini. Ina pua ndefu mbele na nyuma, na katikati kibanda kilichoinuka. Uswisi haina makaa ya mawe ya maana, na Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoyafanya kuwa ghali na haba, wakaharakisha kuweka umeme kwenye reli zao. Maji ya milimani ya kuzalisha umeme wanayo. Njia ya Gotthard inapanda milima kwa kona nyingi, kwa hivyo injini ikagawanywa sehemu tatu zinazopinda kwenye viungo. Mota zimekaa ndani ya pua, na nguvu inafika magurudumuni kupitia vyuma virefu vinavyokwenda kama miguu ya mwendesha baiskeli. Zilianza kutoka kiwandani 1919.

Märklin, kampuni ya mji wa Göppingen iliyoanzishwa 1859, ilitoa Mamba wake wa kipimo cha 1:87 mwaka uleule wa 1947. Hafiki urefu wa rula ya shule, lakini anajipinda kama yule mkubwa. Ana hata swichi ya kuchagua kama atakula umeme wa relini au wa waya wa juu. Wa mzee alikuwa toleo la 3015, alilonunua mwishoni mwa miaka ya 1950 akiwa askari wa Marekani kule Ujerumani. Akarudi naye nyumbani na sanduku, karatasi ya maelekezo, hata ile karatasi laini ya kufungia. Binti yake aliniambia hakuwahi kutoka humo isipokuwa kuonyeshwa wageni.

Ukiingia dunia ya wakusanyaji, jambo la kwanza unalojifunza ni kwamba sanduku lina bei. Injini mbili zimetoka kiwanda kimoja, siku moja, rangi moja. Yenye sanduku inaipita isiyo nalo, na si kwa senti kidogo. Kuna watu wanauza masanduku matupu, na yananunuliwa. Niliposoma hilo nilicheka, halafu nikanyamaza. Nimewahi kukaa kwenye mahojiano ya kazi, nikaulizwa swali la transfoma, nikalijibu, nikaambiwa nimejibu vizuri, kisha nikaombwa cheti. Ikaishia hapo. Mimi ni injini isiyo na sanduku.

Lakini tusilisingizie sanduku. Linamwambia mnunuzi kwamba namba zinalingana, kwamba huenda rangi haijaguswa na fundi na hakuna kipande kilichobadilishwa kichinichini. Ni ushahidi. Kitu ambacho sanduku haliwezi kukuambia ni kama mota inazunguka.

Kwa hivyo nikamwambia tuzijaribu zote mbili kabla sijajibu. Kwanza nilimkataza kuchomeka transfoma ya Lionel ya babake. Kwenye video niliona ganda la waya limekauka na kupasuka, na shaba inachungulia. Akaipeleka kwa fundi wa treni hizo, ikawekewa waya mpya. Na wewe unayesoma hapa Nairobi ukitamani kuagiza, ujue transfoma hiyo ni ya volti 120 na soketi yako ni 240. Utaona moshi, na hautakuwa wa mapambo.

Pili, tukaangalia chuma. Modeli nyingi za zamani zina sehemu za zinki iliyomiminwa, na zinki iliyochanganyika na risasi hata kidogo huoza kutoka ndani. Inavimba, inapasuka, mwishowe inamomonyoka kama biskuti. Wajerumani wanaiita tauni ya zinki. Haina dawa, na sanduku haliizuii. Alimulika kwa tochi ya simu, nami nikitazama huku kwangu, pua hadi pua. Zote mbili zilikuwa salama.

Tatu, stima. GG1 ikawekwa relini, akapandisha mkono wa transfoma taratibu. Ikanguruma, ikasita, ikatoa cheche mbili za bluu chini ya tumbo, ikaondoka. Kumbe mzee alikuwa akiitoa kila Krismasi, anaitia mafuta na kuizungusha chini ya mti, mpaka Krismasi yake ya mwisho. Yule mama hakusema kitu. Niliisikia tu ikizunguka, nikahesabu raundi kumi na moja.

Mamba akagoma. Kwenye vitu vya mzee kulikuwa na duara dogo la reli za Märklin na transfoma yake iliyokaguliwa pia. Stima ilipoingia, taa zikawaka, mota ikanung'unika, magurudumu yakakataa. Hakuwa ameharibika. Mafuta ya kulainisha yakikaa miongo bila kuzungushwa hugeuka gundi. Dawa yake ni kuifungua injini, kuosha gia na kutia mafuta mapya tone kwa tone. Kutunzwa ndiko kulikomfunga.

Jibu kwangu likawa wazi: baki na GG1. Shida ni kwamba jibu hilo lilinukia pesa. Mamba mwenye sanduku angeuzwa bei ya juu kuliko GG1 iliyochubuka, na asilimia 10 yake ingenifaa. Nilikuwa na deni la kodi la mwezi mmoja na nusu, na mwenye nyumba alikuwa ameanza kunisalimia kwa majina yangu yote matatu, kama yalivyo kwenye kitambulisho.

Nilikaa na ujumbe wake siku mbili. Ningeweza kumwambia ninachoamini, nikachukua pesa, na nisiwe nimemdanganya. Lakini yeye angejuaje? Na mimi je, ningejuaje? Mtu anayelipwa upande mmoja wa mizani, hata ukweli wake hupungua uzito.

Nikamwandikia: kwa hizi mbili, ondoa asilimia yangu, nilipe maelezo tu. Kisha nikamwambia ninavyoona. Mamba ndiye kazi nzuri zaidi ya mikono, hilo halina ubishi. Ukitaka kitu cha kutazama, kitu ambacho wajukuu watakiuza kwa faida, baki naye. Ila babako hakumchezea Mamba, alimlinda. Alama za vidole vyake ziko kwenye GG1. Mamba ana wanunuzi wengi. Ile mikwaruzo ya babako mnunuzi ataiita kasoro, ataitolea bei.

Alijibu baada ya wiki. Angebaki na GG1. Lakini hakutaka Mamba aende kwa mtu wa kumrudisha kabatini. Aliomba tuandike kila kitu bila kuficha, nami nikaandika: hajaendeshwa kwa miongo, gia zimeshikana kwa mafuta yaliyoganda, anahitaji kufunguliwa na kuoshwa. Nilidhani mstari huo utawafukuza watu. Uliwafukuza kweli waliotaka sanduku pekee. Aliyemnunua ni mstaafu mwenye meza kubwa ya milima ya plasta na waya za juu, aliyesema kuosha gia ni kazi ya Jumamosi moja. Wiki tatu baadaye akatuma video: Mamba anapinda kona ya mlima, vile vyuma vya pembeni vinakwenda, pole pole, kama mtu anayejifunza baiskeli ukubwani.

Bei aliyouzwa sikuuliza. Nilitamani sana kuuliza. Kodi nililipa, kwa kuchelewa, kwa makala kumi na nne kuhusu viyoyozi.