Mtoto Anayeonewa Bwenini na Wale Wanaotazama

Kila Januari wengi wetu hukimbizana na orodha ya shule: ndoo, godoro, jembe, fyekeo, shuka, madaftari. Twampakia mtoto kwenye basi, twamwombea, twarudi nyumbani. Katika orodha ile hapakuandikwa namna ya kuishi na wanafunzi waliomtangulia. Huko bwenini mgeni huitwa njuka, na wapo wanaoamini kuwa kazi ya njuka ni kuwafulia nguo na kuwachotea maji.

Sisi ni wauguzi wachache wa usharika mmoja. Kila muhula twaenda shule moja ya wasichana kuzungumza juu ya usafi na hedhi. Somo la uonevu lililetwa na mgonjwa. Msichana wa kidato cha kwanza aliletwa zahanati mara tatu katika wiki mbili, tumbo linamuuma, na vipimo havionyeshi kitu. Ilidhaniwa anakwepa masomo. Tulipokaa naye faraghani, bila haraka, alisema kuwa dada mmoja wa kidato cha tatu humnyang'anya chakula, na kwamba jioni hanywi maji, maana akienda chooni usiku lazima apite penye kitanda cha dada huyo. Tumbo lilikuwa likiuma kweli. Hofu huumiza tumbo na kichwa, hufukuza usingizi, na hata mtoto mkubwa huweza kuanza kukojoa kitandani.

Matroni alimhamisha kitanda. Nasi tukaomba kipindi kimoja cha dini.

Ukiuliza darasani nani anaonewa, hakuna mkono utakaonyooka. Kwa hiyo tuligawa vikaratasi visivyo na majina, tukauliza: umewahi kuona mwenzako akionewa, nawe ulifanya nini? Vikaratasi vilijaa. Wengi walicheka, kwa kuogopa kuwa asiyecheka atafuata yeye. Mmoja aliandika, "Nilijifanya nimelala."

Wenzetu wa mbali waliligundua jambo hili zamani. Nchini Norway, mwishoni mwa 1982, wavulana watatu walijiua, na ikaaminika kuwa chanzo ni kuonewa na wenzao. Mwaka 1983 ikaanza kampeni katika shule za nchi nzima. Profesa Dan Olweus aliwafuatilia wanafunzi wapatao 2,500 mjini Bergen, akakuta uonevu umepungua kwa nusu hivi: walimu walisimamia mapumziko, kila darasa lilikuwa na kanuni zake na vikao vyake, na wazazi waliitwa. Yeye aliutofautisha uonevu na utani au ugomvi wa kawaida: unarudiwarudiwa, ni wa makusudi, na anayeonewa hana nguvu ya kujitetea. Huko Finland mpango uitwao KiVa, ulioandaliwa Chuo Kikuu cha Turku, huwalenga hasa wanaotazama.

Basi tuliwapa wasichana igizo: mmoja anaamuru, mmoja anachota maji, sita wameketi. Tukawauliza wale sita. Walitoa majibu wenyewe. Asicheke. Amwite njuka waketi meza moja. Amsindikize chooni usiku. Amwambie matroni. Hapo pa matroni waliguna: huko ni kuchongea! Tukawaambia kuwa mchongezi hutaka mwenzake aingie matatani, lakini huyu anamtoa mwenzake matatani. Walibishana hadi kengele ikalia.

Wale wakubwa nao walisema, "Na sisi tulifanyiwa." Hilo ni kweli, ndiyo maana hatuamini kuwa kumchapa mwonevu mbele ya paredi kunatibu kitu, hujifunza tu kwamba mwenye nguvu ndiye hupiga. Afadhali aitwe peke yake, na mzazi wake aitwe.

Yule msichana hajaletwa tena kwa tumbo.

Nawe mama, siku ya kutembelea wanafunzi usiulize masomo peke yake. Uliza: unakula na nani? Nani analala kitanda cha juu yako? Usiku unakwenda chooni na nani? Kisha nyamaza umsubiri. Mwambie pia kuwa namba 116, huduma ya simu kwa mtoto, hupigwa bure. Na wakati wa likizo, ukikuta sandukuni mwake sweta ambalo si lake, muulize ni la nani kabla hujalifua.