Niligawa kwa Uzito Usio Wake

Nilimwandikia mteja jibu la uongo, na hesabu ya kulitetea nilikuwa nayo.

Nafanya kazi Uholanzi, katika kampuni inayoingiza baiskeli za umeme. Mteja aliuliza kama baiskeli yake ina kemikali yoyote iliyo kwenye orodha ya Ulaya ya zile zinazotiliwa wasiwasi mkubwa. Kuuliza ni haki yake. Sheria ya kemikali, REACH, inamtaka muuzaji amjibu ndani ya siku 45, bila malipo, iwapo kemikali hiyo imezidi asilimia 0.1 ya uzito.

Silinda ya kufuli, pale pa kuchomeka ufunguo, ni ya shaba na zinki zilizochanganywa na madini ya risasi, ambayo yaliingizwa kwenye orodha hiyo mwaka 2018. Silinda ina gramu 60, na risasi ni asilimia 3 yake, yaani gramu 1.8. Nikagawa kwa baiskeli nzima, kilo 25. Ikatoka asilimia 0.007. Nikajibu: hakuna.

Septemba 2015 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilishaamua kwamba kiwango hicho hupimwa kwa kila kifaa peke yake, hata kikiwa kimefungwa ndani ya kitu kikubwa. Silinda yetu ilikuwa na risasi mara 30 ya kiwango hicho. Tangu Januari 2021 nilipaswa pia kuiandikisha kwenye SCIP, hifadhidata ya bidhaa zenye kemikali hizi, kwa wakala wa Ulaya wa kemikali ulioko Helsinki. Sikuiandikisha.

Habari za hukumu hiyo nilizisikia. Sikuisoma, maana ningeisoma ningelazimika kuwahoji watengenezaji kifaa kwa kifaa. Ulikuwa uvivu, nikauvalisha nguo ya hesabu.

Tulipoanza kuandaa pasipoti ya kidijitali ya betri, yaani rekodi ya taarifa zake inayofunguliwa kwa msimbo wa QR, itakayokuwa lazima kwa betri za baiskeli hizi kuanzia 18 Februari 2027, mwenzangu mgeni kazini alifungua faili langu akauliza nimegawa kwa uzito gani. Sikuwa na la kusema. Siku hiyohiyo nikamwandikia mteja ukweli.

Sheria ya mwaka 2024 itazileta pasipoti hizi kwenye bidhaa nyingine, kundi baada ya kundi. Msimbo wa QR hausahihishi kitu. Unampelekea fundi na mchakataji taka kile tulichokijaza. Nawe unayejaza, kabla ya kuandika "hakuna", pima kifaa chenyewe.