Hadi

Neno lililotusumbua ni "hadi". Mimi na kijana ninayefanya naye kazi Mbagala tulikuwa tukiandika kwa Kiswahili maelezo ya recv, fanksheni ya Python inayosoma data inayoingia kupitia mtandao. Yeye aliandika: "Husoma hadi baiti 1024." Kiswahili safi, ila kina milango miwili. Mwambie mtoto ajaze ndoo hadi lita 20, atakaa bombani mpaka zitimie. Lakini lifti inayobeba hadi watu 8 haimngojei wa nane.

recv ni lifti. Hubeba kilichokwisha kufika, hata kama ni baiti 3. TCP hulinda mpangilio wa baiti, lakini haijui ujumbe wako unaishia wapi. Duka la Temeke likituma mauzo ya 150000, upande wa pili unaweza kupokea 1500 kwanza. Programu isiyosubiri itaandika shilingi elfu moja na mia tano, na jioni mhudumu ataulizwa nyingine ziko wapi.

Tukaandika upya: "Hurudisha baiti zisizozidi 1024, zinaweza kuwa pungufu. Ikirudisha tupu, upande wa pili umefunga. Rudia kusoma mpaka ujumbe wako utimie."

"Imekuwa ndefu, kaka," akasema.

Ndefu, ndiyo. Lakini afadhali sisi tulipe kwa maneno kuliko mhudumu alipe kwa mshahara.