Kutoka Gerezani hadi Lushoto: Safari ya Mifereji ya Bati

Ndugu msomaji, pengine umepita Gerezani mara nyingi bila ya kuingia. Umeshuka katika basi la mwendokasi, ukasikia nyundo zikilia juu ya chuma, ukaharakisha kuelekea Kariakoo kutafuta mahitaji yako. Hata mimi nimefanya hivyo kwa miaka mingi. Mtaa ule niliuona kuwa ni mahali pa kelele na moshi, pasipomhusu mtu anayefanya kazi yake mezani. Siku nilipolazimika kuingia, niliingia kwa ajili ya nyanya.

Nikueleze kwanza habari za nyanya zenyewe. Dada yangu anaishi Lushoto, katika milima ya Usambara, na baada ya kufiwa na mume alikopa fedha katika kikundi chao cha akina mama akajenga kitalu nyumba. Msimu wa kwanza alivuna vizuri sana. Msimu wa pili mimea ilianza kunyauka mchana na kuinuka usiku, kisha ikanyauka isiinuke tena, nayo ingali ya kijani kibichi. Msimu wa tatu ikawa vilevile, tena mapema zaidi. Bwana shamba alikata shina moja akalitumbukiza katika glasi ya maji safi. Baada ya muda mfupi uzi mweupe kama maziwa ulianza kuteremka kutoka katika shina lile. Huo ndio mnyauko wa bakteria, na ukiisha kuingia katika udongo hautoki upesi. Hakuna dawa ya kunyunyiza itakayouondoa. Mtu anayepanda nyanya juu ya nyanya ndani ya nyumba moja huwa anaufuga bila ya kujua. Deni la kikundi lilikuwa limebaki nusu, na mpwa wangu alikuwa anaingia kidato cha tano.

Basi shauri lililobaki lilikuwa ni kuuacha udongo. Si jambo geni. Wanasayansi wa Kijerumani, Sachs na Knop, waliotesha mimea ndani ya maji yenye chumvi za virutubisho tangu miaka ya 1860. Mwishoni mwa miaka ya 1930 shirika la ndege la Pan American lililima mboga kwa njia hiyo katika kisiwa cha Wake, kilichomo katikati ya bahari ya Pasifiki. Baadaye Allen Cooper, huko Littlehampton nchini Uingereza, alistawisha njia ya kupitisha maji membamba kama utando katika mfereji wenye mteremko, ili mizizi inywe kwa chini na ivute hewa kwa juu. Njia hiyo ndiyo tuliyoichagua. Kilichotushinda kukubaliana ni mfereji utengenezwe kwa kitu gani. Mbao zinaliwa na mchwa, na nguzo za kitalu cha dada zilikuwa zimekwisha kuliwa upande mmoja. Mabomba ya plastiki ya bei nafuu, yasiyotengenezwa kwa kazi ya juani, huanza kukauka na kupasuka. Tukasema: chuma.

Hivyo nikaingia Gerezani. Ukiingia ndani kidogo kutoka barabarani, utaona kwamba kelele ile ina mpango wake. Upande mmoja wanakunja bati kutengeneza majiko na masanduku. Upande wa pili wanachomelea mageti. Na katikati wako wauzaji wa vyuma chakavu, ambao wanajua kila kipande kilitoka katika mashine gani. Fundi niliyeelekezwa kwake ni mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa waya, naye hutumia kipande cha reli kuwa fuawe. Nilimwamkia, nikamweleza haja yangu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja tu: "Hayo maji yako, mwanangu, ni ya kunywa au ni ya dawa?" Nilimjibu kwamba ni maji yenye mbolea. Akatikisa kichwa, akasema, "Haya, tutaona." Laiti ningemwuliza maana ya kutikisa kichwa kule.

Kazi yenyewe ni nzuri kuitazama. Bati bapa lenye zinki lina urefu wa futi 8 na upana wa futi 4, yaani karibu mita 2.4 kwa 1.2. Fundi alilikata kwa urefu vipande vinne, kila kimoja sentimeta 30, akakikunja juu ya reli ile: sentimeta 15 zikawa sakafu, na saba na nusu zikasimama kila upande. Vipande vinne vikiunganishwa hufanya mfereji wa mita 9 na kitu kidogo. Hakuvichomelea. Aliviunga kwa ribiti, kipande cha juu kikilala ndani ya kile cha chini kama vigae vya paa, ili maji yasipate mdomo wa kuingilia. Alinieleza sababu: moto wa kuchomelea huunguza zinki, na pale ilipoungua ndipo kutu itakapoanza. Wakati huohuo, kijana wa banda la jirani alikuwa akichomelea bomba la zinki bila ya kuziba pua, moshi mweupe umemfunika uso, na pakiti ya maziwa iko miguuni pake. Maziwa hayo, ndugu msomaji, wengi wanayaamini, lakini hayazuii homa ya moshi wa zinki. Kinachosaidia ni kuikwangua zinki kwanza, kukaa upande unaotoka upepo na kuvaa kinga ya pua inayofaa. Mzee alimpigia kelele kijana yule, naye akacheka.

Mfereji mmoja niliupeleka kwanza nyumbani kwangu, nikaujaribu uani kwa miche ya saladi. Wiki ya kwanza ilistawi. Wiki ya pili majani machanga yalianza kupauka, mishipa tu ikabaki ya kijani, na chini ya mfereji palikuwa na unga mweupe. Nilipomrudia mzee alicheka kwa upole. Nilikuwa nimesahau kwamba maji ya namna hii huwekwa yawe na uchachu kidogo, kipimo cha 5.5 hadi 6.5, na uchachu hula zinki. Mmea unahitaji zinki chembe tu. Ikizidi huuzuia kupata madini ya chuma, ndiyo maana majani yanapauka. Bati linalodumu miaka mingi juu ya paa, likilowa maji haya usiku na mchana, linakuwa sumu na linatoboka. Kwa hiyo bati lifanye kazi ya kubeba tu, maji yasiliguse. Tuliukwangua mfereji ule, tukafifisha kila ncha ya ribiti kwa tupa, tukatandika ndani yake nailoni nyeusi nzito, kipande kimoja kisicho na kiungo kutoka juu hadi chini, kingo zake zikapinduliwa nje na kubanwa. Weusi nao una faida, kwa kuwa mwanga ukiingia katika maji utaotesha ukungu wa kijani. Koki ya shaba niliyokuwa nimeinunua kwa fahari nikaiacha. Shaba ikigusana na zinki penye maji, zinki huliwa upesi. Koki ya plastiki ilitosha.

Mifereji mitano na miguu yake niliipakia katika lori lililokuwa limeshusha kabichi Ilala na kurejea Lushoto tupu. Mimi nilipanda basi asubuhi katika kituo cha Magufuli, Mbezi. Sina haja ya kukueleza joto la Chalinze wala mikate ya Segera. Lakini ukifika Mombo, mahali inapopita reli ya zamani ya Tanga, funga kitabu chako utazame nje. Barabara inaanza kuupanda mlima kwa kona baada ya kona, bonde liko upande mmoja na mwamba upande wa pili. Maporomoko ya Soni yanaonekana yakimwagika kando ya njia, na abiria wanaanza kutoa masweta mifukoni. Mji wenyewe uko katika kimo cha kama mita 1,400, na Wajerumani walipoutawala waliuita Wilhelmstal. Mimi huvutiwa zaidi na mashamba: vipande vidogo vilivyoshikilia mteremko kwa nguvu zote, kabichi, karoti, viazi, pea. Sehemu kubwa ya mboga unazonunua Dar es Salaam hutoka katika miteremko hiyo. Ubaridi wa huku ni neema kwa kazi yetu, kwa sababu maji yenye nyuzi 20 hubeba hewa nyingi kuliko maji yenye nyuzi 30, na mizizi iliyomo majini huishi kwa hewa hiyo.

Tulijenga kwa siku nne, mimi, dada, mpwa wangu na fundi wa hapo kijijini. Miguu ya chuma cha pembe ilipakwa rangi nyekundu ya kuzuia kutu mara mbili, ikasimamishwa katika zege, na juu ya kila kituta cha zege tukafanya mteremko ili maji yasituame shingoni mwa chuma. Hapo ndipo nguzo nyingi huoza. Miguu ilipishana mita moja na nusu. Ikiachwa mbali zaidi, bati litabonyea katikati, maji yatatuama na mizizi itaoza. Mteremko tuliuweka sentimeta 1 kwa kila sentimeta 75, yaani sentimeta 12 tangu mwanzo wa mfereji hadi mwisho wake. Mpwa wangu alishika pimamaji kwa ukali kama hakimu. "Mjomba, mguu wa nne umezama," alikuwa akisema, nasi tunaanza upya.

Nyaya za kufungia mimea hatukuzifunga katika nguzo za kitalu. Mfereji mmoja una miche 20. Ikibeba kilo 5 tu kila mmoja, hizo ni kilo 100 zinazoning'inia juu ya waya mmoja. Tulisimamisha fremu yake yenyewe ya chuma. Tangi la juu la lita 1,000 nalo lina uzito wa tani nzima, kwa hiyo mnara wake ulipata vyuma vya kukatiza pande zote nne. Dada aliona tunaharibu fedha. Nilimwomba anivumilie.

Utaratibu ni huu: pampu inapandisha maji kutoka tangi la chini hadi la juu, na ya juu yanateremka yenyewe katika mifereji, lita 1 kwa dakika kwa kila mfereji, kisha yanarudi chini. Mbolea inakorogwa katika ndoo mbili mbalimbali, kwa sababu kalsiamu naitreti ikikutana na salfeti zikiwa bado nzito, huganda kuwa jasi isiyofaa kitu. Wala usidhani kwamba tumeukimbia mnyauko kabisa. Maji haya yanazunguka, na mche mmoja mgonjwa unaweza kuiambukiza mingine yote. Ndiyo sababu dada hutumia maji ya chemchemi iliyokingwa, hagusi ya mtoni, na mlangoni pana beseni la dawa ambalo hata mwenyekiti wa kitongoji alilikanyaga kabla ya kuruhusiwa kuingia.

Nilirudi mjini. Wiki ya sita, mimea ikiwa imetoa maua ya pili, simu ililia alfajiri. Umeme ulikuwa umekatika saa 1 jioni. Mifereji mitano hunywa lita 300 kwa saa, kwa hiyo tangi lilikwisha saa 4 na dakika 20 za usiku. Utando wa maji ukikauka, mizizi iliyo wazi haina akiba ya kutosha. Dada alifunga koki nusu, akasimama na mwanawe gizani, mmoja chini na mmoja juu ya ule mnara aliouona wa gharama, wakapandisha maji kwa ndoo za lita 20 mpaka umeme uliporudi saa 10.

"Ndoo 43, kaka," aliniambia. "Nimezihesabu."

Nilimwuliza hali ya mimea.

"Imesimama. Lakini mguu wa nne unavuja kwenye kiungo, nimeweka sufuria. Mwulize yule mzee wako wa Gerezani tufanyeje."