Na Mwenye Kiti cha Magurudumu Naye Aone Milima

Akina mama wenzetu, likizo inapokaribia na familia kupanga safari ya kutembea, mara nyingi kuna mmoja ambaye jina lake halitajwi. Pengine ni bibi ambaye miguu imekataa. Pengine ni mtoto mwenye mtindio wa ubongo ambaye sasa ametimiza miaka tisa, na mgongo wa mama hauwezi tena kumbeba kwa kitenge. Husemwa, "Huyu atabaki, njia ni mbaya." Naye akibaki, mama yake hubaki pia. Basi wanaobaki ni wawili.

Tumezitembelea njia za Iringa na Mbeya pamoja na mwenzetu anayetumia kiti cha magurudumu. Njia mbaya zipo kweli, lakini si zote. Taabu ni kwamba hakuna anayekuambia mapema ipi ni ipi.

Tuanze na Isimila, kama kilomita 20 kutoka Iringa mjini kwa barabara ya Mbeya. Ndipo yalipopatikana mashoka ya mawe ya watu wa kale, na wachimbaji wa elimu ya kale walifanya kazi hapo mwaka 1957 na 1958. Gari linafika, na vifaa vilivyohifadhiwa humo vinaonekana bila shida. Lakini zile nguzo ndefu za udongo ambazo kila mtu hupigia picha ziko chini korongoni, na huko ni mteremko, kisha mchanga. Gurudumu likiingia mchangani huzama. Mwenye magongo akisaidiwa huenda akafika. Mwenye kiti atabebwa, au atasubiri juu. Na hapo tuseme wazi: mtu mzima hapendi kunyanyuliwa kama gunia la mahindi. Mwulize kwanza yeye mwenyewe, wala usimwulize mumewe au dada yake.

Gangilonga, lile jiwe kubwa la Iringa linalosemwa kuwa huongea, ni la kukwea. Ziwa Ngozi kule Rungwe nalo ni saa nzima na zaidi ya kupanda msituni, kwenye mizizi na utelezi. Haya hatuwezi kuyapamba.

Lakini Kitulo! Hifadhi hii, iliyotangazwa mwaka 2005 kwa ajili ya maua yake, watu huiita Bustani ya Mungu. Uwanda wake uko juu sana, zaidi ya mita 2,600, na barabara ya gari inapita katikati ya maua yenyewe. Mwenzetu aliteremshwa barabarani, akakaa kando ya nyasi, na maua yakawa usawa wa macho yake. Sisi wenye miguu ndio tuliolazimika kuinama.

Kimondo cha Mbozi, ambayo tangu mwaka 2016 iko Mkoa wa Songwe, nacho gari hukikaribia. Kuligusa lile pande kubwa la chuma hakuhitaji kukwea mlima.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inataka mahali pa umma pafikike na wote. Hatudai kwamba Ngozi ijengewe lami. Tunaomba ubao langoni useme ukweli: gari linaishia wapi, ngazi ni ngapi, mchanga unaanzia wapi, na je, mlango wa choo unapitisha kiti? Seremala wa kijijini anaweza kutengeneza daraja la mbao la kuvukia kizingiti kwa siku moja. Iringa hawana haja ya kutafuta walimu mbali: Neema Crafts, kazi iliyoanzishwa na Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana mwaka 2003, imewapa ajira watu wengi wenye ulemavu. Wao wangeulizwa kwanza.

Mama mwenye mgonjwa, usingoje ubao huo. Piga simu, uliza maswali hayo, tena mara mbili. Kwa Kitulo, maua huwa mengi kuanzia Desemba hadi Aprili, lakini ndio wakati wa mvua na matope, hivyo tafuta gari lenye nguvu. Kutoka Chimala mtapanda zile kona zinazoitwa Hamsini na Saba. Ondokeni asubuhi mapema. Chukueni blanketi zito la kufunika miguu ya anayekaa, maana asiyetembea hupata baridi upesi, na chupa ya chai.